Toni Iliyoshushwa

Kwaa.

Ni sauti fupi kuliko kikohozi, kavu, ya redio inayofungiwa mlango katikati ya pumzi ya mtu. Pumzi, kwaa, kimya. Asubuhi moja ya mvua Fundi Sikio aliisikia mara kumi na moja akiwa kwenye meza yake ya kazi, na mara zote kumi na moja hakujua kwamba anayehema ni shemeji yake.

Jina la Sikio hakujipa. Alipewa ujanani, alipokuwa ameajiriwa kwenye jengo la simu, wakati simu bado zina waya. Wenzake walipima laini mbovu kwa mita. Yeye aliweka mkono wa simu sikioni, akafumba macho, akasikiliza ule mvumo mwembamba ulio chini ya maneno ya watu, kisha akasema: kiungo kimeoza, nguzo ya nne baada ya daraja. Walikwenda, wakakuta kiungo kimeoza, nguzo ya nne baada ya daraja. Mkuu wa kazi alimwambia siku moja kwamba akistaafu aondoke tu, ila sikio aliache ofisini. Fundi alicheka, lakini maneno hayo aliyatunza kama wengine wanavyotunza cheti ukutani.

Jengo la simu lilipofungwa alipanga chumba kimoja kati ya kinyozi na mwenye mashine ya kutoa kopi, akatundika kibao alichokiandika kwa mkono wake, na kwa miaka ishirini na miwili akatengeneza redio. Pasi na feni pia aliletewa, akazitengeneza kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Moyo wake ulikuwa kwenye redio za mawasiliano, zile za kusema na kujibiwa, na hasa kwenye mtambo mmoja uliokuwa juu ya mlima, nyuma ya mji.

Mtambo huo ulikuwa mali ya chama cha redio za ridhaa, watu thelathini hivi waliofanya mtihani wa serikali wakapewa ruhusa ya kuongea hewani kwa mapenzi yao tu, bila biashara. Waliuita ripita. Kazi yake ni kupokea sauti dhaifu na kuirudisha kwa nguvu, ili mtu wa upande huu wa mlima aongee na mtu wa upande ule. Bila ripita, mlima ni ukuta.

Lakini ripita iliyoachwa wazi hupokea kila takataka ya hewani: radi, nyaya za umeme, mashine za watu wanaochomelea mageti. Ndiyo maana hufungwa, na ufunguo wake ni toni. Kila redio ya mwanachama, inapobonyezwa, hutoa pamoja na sauti ya msemaji mvumo mmoja wa chini sana, chini kuliko besi ya mwimbaji yeyote. Mlima ukiusikia, unafungua. Ukiacha kuusikia, unafunga. Mvumo ukipimwa vizuri, masikio ya watu hayaupati kabisa. Ni mlima tu unaousikia. Ukizidi, wasikilizaji wote hupata mngurumo nyuma ya maneno. Ukipungua, mlima unakuwa kiziwi.

Kuupima ilikuwa kazi ya Fundi Sikio. Redio zote thelathini zilipita mezani kwake. Alifungua kifuniko, akaunganisha mita, akabonyeza, akageuza kwa bisibisi nyembamba skrubu isiyozidi punje ya mtama, mpaka sindano isimame kwenye saba. Saba ndiyo haki ya toni. Kisha aliandika saba kwenye kipande cha karatasi, akakibandika ndani ya kifuniko pamoja na tarehe, kama daktari anayeandika uzito wa mtoto.

Redio moja tu aliiwekea tisa.

Ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa mkewe, msimamizi wa pampu ya maji huko bondeni, ng'ambo ya mlima, ambako simu ya mkononi haishiki mtandao hata ukipanda juu ya tangi. Aliishi huko na mkewe katika nyumba ya kazini, vyumba viwili, ubavuni mwa mashine mbili zinazonguruma mchana kutwa. Aliongea kwa kelele. Watu walidhani ni kwa sababu ya mashine, lakini hata kabla ya pampu alikuwa hivyo hivyo. Yeye na dada yake walilelewa nyuma ya kiwanda cha kupasua mbao, na kwao neno lisilopigiwa kelele lilihesabiwa halijasemwa. Fundi alipofika nyumbani kwao mara ya kwanza alijua wanagombana, kumbe walikuwa wanaulizana chumvi iko wapi.

"Nyie kwenu," alizoea kumtania mkewe, "mkisalimiana tu majirani wanakuja kuamua ugomvi."

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na alimjibu bila kuinua macho kwenye mshono. Na kwenu, alimwambia, mnanong'ona mpaka mtu akifa wengine wanapata habari wiki ya pili.

Redio ya shemeji ilikuwa kuukuu, moja ya zile zilizotoka kwa kampuni ya teksi iliyofilisika. Haikuwa na toni. Fundi alitafuta bodi ndogo ya toni akaichomelea ndani, na hapo pakaingia kasoro. Ndani ya kila redio kuna sehemu inayokata vilele vya sauti, ili mtu akipayuka asivuruge mawimbi ya wengine. Toni inapaswa kuingia baada ya sehemu hiyo. Lakini redio ile ilikuwa imebanana ndani, na mahali pekee alipopata pa kushika waya palikuwa kabla yake. Maana yake, msemaji akipaza sauti, sauti inajaza njia nzima, na toni inabanwa ukutani kama mtu mwembamba kwenye msongamano. Fundi alilijua hilo. Ndiyo maana aliipandisha hadi tisa: hata ikibanwa, ibaki ya kutosha. Kwenye karatasi ya ndani ya kifuniko aliandika: Tisa. Anapiga kelele.

Basi kila siku saa kumi na moja jioni sauti ya shemeji iliingia katika chumba cha kushonea. Dada mtu alisimamisha cherehani, akachukua maiki, nao wakapigiana kelele kuvuka mlima kuhusu mvua, mgongo, bei ya mafuta ya taa, nani amezaa. Nyuma ya sauti ile kubwa ilisikika nyingine ndogo, ya mke wa shemeji, mwanamke mpole mwenye maneno makavu. "Wifi," alisema siku moja, "mwambie huyu kaka yako apunguze. Kuku wangu wameacha kutaga."

Tisa ilikuwa na ubaya wake: iliunguruma. Ulikuwa mngurumo mdogo, lakini ulisikika, na aliyeupa jina ni mwenyekiti wa chama, mwenye duka la dawa, aliyekuwa na redio mpya mfukoni na nyingine mpya garini. Kila Jumapili saa nne asubuhi wanachama walikutana hewani kuitana. Jumapili moja shemeji alipobonyeza, kabla hajatamka neno, mwenyekiti alisema anaona friji imewashwa. Watu wakacheka. Jumapili iliyofuata akamuuliza kama ana maji baridi. Baada ya miezi miwili hakuna aliyemwita kwa jina jingine ila Bwana Friji.

Shemeji mwenyewe alicheka kuliko wote. Fundi alipomwambia kwamba akitaka anaweza kuuondoa ule mngurumo, alikataa.

"Wacha ingurume, shemeji. Si ndiyo wanajua nimefika?"

Aliyeumia ni Fundi. Kila kicheko alikisikia kimempita shemeji na kumjia yeye. Ile friji ilikuwa kazi ya mikono yake. Yeye, aliyesikia kiungo kilichooza kutoka umbali wa nguzo arobaini, sasa anachekwa na mtu anayenunua redio kama anavyonunua sabuni. Angeweza kueleza hewani: nimeiweka tisa kwa sababu hii na hii. Lakini kueleza kungekuwa kukiri kwamba alishika waya mahali pasipofaa, na Fundi Sikio alikuwa mtu wa kufa na tai shingoni.

Mvua zilipokaribia, shemeji alikuja mjini na redio yake, waya wa maiki umekatika. Aliiacha dukani akaenda kutafuta mikanda ya pampu. Kuunga waya kulichukua dakika kumi. Kifuniko kilikuwa wazi, mita ipo, bisibisi ipo. Fundi aliitazama ile skrubu kwa muda. Kisha akaigeuza: nane, saba, na mngurumo ukasikika bado kwa mbali, maana sehemu ile ya kukata vilele ilikuwa inauchafua, sita, tano. Alipofika nne, spika ya redio ya pili pale mezani ilikuwa safi kama maji yaliyochujwa. Akasogeza maiki mdomoni akasema, kwa sauti ya kwao: moja, mbili, tatu. Mlima ukafungua, ukabaki wazi. Akarudia: moja, mbili, tatu. Ukabaki wazi.

Hakupiga kelele. Ukuta wa pili yupo kinyozi na wateja wake. Mtu mzima hapigi kelele peke yake dukani. Akafunga kifuniko juu ya karatasi ile ile.

Shemeji aliporudi aliambiwa waya umepona. La toni hakuambiwa. Jumapili mwenyekiti alisema hewani kwamba leo friji imezimwa, sauti imetakata, hongera kwa fundi wetu. Fundi alikuwa ameshika kikombe cha chai, na hajawahi kunywa chai tamu kama ile.

Wiki zilizofuata, saa kumi na moja jioni, maneno ya shemeji yakaanza kukatika, hasa alipocheka. Mkewe alimuuliza Fundi mbona kaka anakuja vipande vipande. Fundi alisema ni mvua.

Siku ya tatu ya mvua kubwa, saa tatu asubuhi, ukuta wa stoo ya pampu, uliokuwa umelowa mpaka ndani, ulimwangukia mke wa shemeji akiwa anahamisha magunia ya dawa ya maji. Shemeji alifukua kwa mikono mpaka akamfikia kiunoni. Zaidi ya hapo hakuweza. Boriti ilikuwa imelala juu ya miguu. Mkewe alikuwa na fahamu zake, anaongea, anaomba maji ya kunywa. Akampa, akakimbilia redio. Upande ule ule wa mlima, mwendo wa saa moja na zaidi kwa miguu siku ya jua, kulikuwa na machimbo ya kokoto, ambako mtandao unashika, yenye winchi na gari la wagonjwa, na mtu yeyote wa mjini angeweza kuwapigia simu. Ilitakiwa sentensi moja ivuke.

Alibonyeza. Toni ikatoka, dhaifu, mlima ukafungua. Akavuta pumzi, akapiga kelele kama mtu anayemwona mkewe chini ya boriti. Kelele ikaibana toni. Mlima ukafunga. Alipoachia na kubonyeza tena, ukafungua tena kwa kadiri ya pumzi moja, ukafunga.

Mezani kwake Fundi alisikia kwaa, akafikiri ni radi. Ya tatu, akafikiri ni mtu amekalia maiki yake. Ya saba ilipokuja alikuwa amechoka. Akachukua maiki yake akasema, taratibu, kwa heshima zote: "Unayebonyeza bila kusema, tafadhali acha. Unatuharibia mtambo."

Redio ya shemeji haikuwa na tatizo la kupokea. Alimsikia neno kwa neno. Alimsikia shemeji yake, aliyempa redio ile, akimwambia aache. Akaona labda hajasikika vizuri. Akapiga kelele zaidi, mara nne zaidi, mpaka sauti ikampasuka. Kisha akaweka maiki chini, akaenda kwa miguu.

Njia ilikuwa tope na kijito kilikuwa kimefurika. Ilimchukua saa tatu kufika machimboni. Winchi ilipofika pampuni, mkewe alikuwa ameacha kuomba maji.

Baada ya maziko mwenyekiti alileta redio dukani ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Wito wa dharura ulikuwa umeshindikana, alisema, na mamlaka ya mawasiliano inataka maelezo. Fundi aikague aandike. Fundi alifunga mlango wa duka kwa ndani. Alipofungua kifuniko, kitu cha kwanza kilichomtazama ni mwandiko wake mwenyewe: Tisa. Anapiga kelele. Akaunganisha mita. Sindano ikasimama kwenye nne, kama alivyoiacha. Akashika maiki, na kwa mara ya kwanza katika chumba kile akapiga kelele. Hakupanga aseme nini. Lililomtoka ni jina la marehemu. Taa ndogo ya mita, inayowaka toni ikiwepo, ikazimika papo hapo.

Kinyozi aligonga ukuta, akauliza kama kuna usalama.

"Upo," alisema Fundi.

Kisha akairudisha skrubu mpaka tisa, akaandika maelezo yake. Aliyaandika kama alivyozoea kufanya kazi, kila kiungo akikivuta kuona kama kimeshika. Redio ni nzima. Toni ipo. Mtumiaji alipaza sauti kupita kiasi, toni ikabanwa, ripita ikafunga. Hapakuwa na neno la uongo hapo hata moja. Mwenyekiti aliyasoma akasikitika, akasema ndivyo watu walivyo wakipata hofu.

Barua ya mamlaka ilipotoka, dada mtu ndiye aliyemsomea kaka yake, katika chumba cha kushonea. Kaka alimwomba amsomee mara ya pili. Kisha akauliza, na hiyo ndiyo siku ya mwisho ambayo sauti yake ilisikika mpaka barabarani:

"Kwa hiyo ningesema polepole, angepona?"

Dada akamtazama mumewe, maana yeye ndiye mjuzi wa mambo hayo. Fundi alisema ni mambo ya hewani tu, shemeji, usijilaumu. Na neno hilo, likitoka kwa mtu mwingine, lingekuwa dawa.

Shemeji aliachishwa pampu akaletwa kwenye ofisi ya maji mjini, kazi ya kupanga mafaili. Akapewa chumba cha nyuma kwa dada yake. Tangu hapo alinong'ona. Mwenye duka alimrudishia swali mara tatu kabla ya kujua anataka kiberiti. Watoto wa mtaani walimfuata wakimwigiza, midomo inacheza bila sauti. Mezani, akitaka chumvi, alinyoosha kidole. Akishikwa na chafya alikimbilia nje kama mwizi, na baada ya chafya alisimama huko kidogo, akitazama chini, mkono mdomoni.

Jioni saa kumi na moja dada mtu aliendelea kusimamisha cherehani. Ilikuwa mazoea ya mguu, mguu wenyewe uliacha kukanyaga. Wakati mmoja alimwambia mumewe, bila hasira, akiwa ameshika uzi kati ya meno:

"Umemwona ndugu yangu? Amekuwa wa kwenu."

Fundi alikula kidogo, akalala kidogo. Alipanda mlimani kila mwezi, hata pasipo na kazi, akafuta vumbi mtambo usio na vumbi. Alizipima upya redio zote za chama, mara mbili, saba, saba, saba. Asubuhi alipanga kwamba leo jioni atasema. Jioni aliona shemeji anaosha vikombe kwa uangalifu ili visigongane, akasema moyoni: mtu ameanza kupoa, kwa nini nimtoneshe kidonda. Miaka miwili ikapita hivyo. Mficha uchi hazai, wanasema. Fundi alizaa kila siku kisingizio kipya, na chenye afya.

Mwaka wa tatu chama kilianzisha darasa kwa wanaotaka kufanya mtihani. Mwenyekiti aliomba Fundi afundishe somo la toni. Akasema pia amefikiri jambo moja, ni zito lakini lina faida: shemeji aje asimame mbele ya wanafunzi, aeleze kwa kinywa chake jinsi kelele ilivyomponza. Somo la kitabuni husahaulika. La mtu halisahauliki. Fundi alijibu kwamba shemeji hatakubali. Mwenyekiti akasema ameshamuuliza, amekubali.

Jioni hiyo Fundi alimkuta shemeji jikoni. Alimwambia asiende. Hakuna anayemlazimisha, alimwambia, na hao ni watu wa kupita tu.

Shemeji alifuta kikombe mpaka kikakauka kabisa kabla ya kujibu. Alisema kwa ile sauti ya kukwaruza kwamba labda katika hao atakuwepo mmoja ambaye siku moja atamwokoa mtu wake. Halafu akasema:

"Si ni kweli lakini, shemeji? Wewe mwenyewe ndiye uliyeandika."

Maji ya bomba yalikuwa yanatiririka bure. Shemeji akanyoosha mkono akayafunga.

Darasa lilikuwa kwenye chumba cha juu, ghorofani kwa muuza rangi, viti kumi na vinne vya plastiki na ubao mmoja mweupe. Waliokuja walikuwa madereva wawili wa malori, muuguzi, mwalimu wa hesabu, watu wa namna hiyo, na daftari zao mpya. Dada mtu alikuja na kaka yake, akaketi nyuma karibu na mlango, mkoba mapajani. Fundi alifundisha vizuri. Alichora mlima, akachora mlango, akaonyesha kwa mita jinsi sindano inavyosimama kwenye saba. Dereva mmoja aliuliza itakuwaje ikishushwa chini ya hapo. Fundi alisema mlima hautasikia, akageukia ubao akaongeza mstari ambao haukuhitajika.

Kisha mwenyekiti akamwita shemeji. Alikuwa amevaa shati jipya ambalo dada yake alilishona kwa ajili ya siku hiyo, limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Alisimama katikati, mikono nyuma, kama mtoto anayesubiri adhabu.

"Mimi ndiye niliyepiga kelele," alisema.

Muuguzi wa mstari wa mbele alimwomba, kwa upole, apandishe sauti kidogo. Shemeji alijaribu. Shingo ilijaa, mishipa ikatoka, mdomo ukafunguka, na kilichotoka kilikuwa kile kile cha mwanzo. Akaomba radhi. Akaendelea hivyo hivyo, na watu wakainama mbele kumsikia. Alieleza ukuta. Alieleza boriti. Alisema mkewe alikuwa anaomba maji, na angekaa naye tu akampa maji ingekuwa afadhali, lakini alimwacha akaenda kupiga kelele. Alisema redio ilikuwa nzima, nzuri, aliyotengenezewa na shemeji yake ambaye ndiye huyu hapa mwalimu wao. Alisema aliambiwa hewani aache, hakuacha.

"Ningekuwa na adabu," alisema, "mke wangu angekuwa hai."

Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa masikitiko, akachukua kalamu, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: TULIA. SEMA POLEPOLE. Wanafunzi waliinamisha vichwa wakanakili. Kwa muda ilisikika mikwaruzo ya kalamu tu, na nyuma, mlangoni, mtu anayelia bila kujizuia, kwa sauti ya watu wa kiwanda cha mbao.

Fundi alikuwa bado amesimama kando ya meza, mita mkononi. Alikuwa na maelezo yote. Alikuwa ameyapanga kwa miaka miwili: sehemu inayokata vilele, waya ulioshikwa mahali pasipofaa, kwa nini tisa, kwa nini redio iliyopimwa sawasawa inabeba hata kelele ya mtu anayefiwa. Yangechukua robo saa, na mwisho wake watu wangeelewa mitambo vizuri sana. Aliweka mita mezani. Aliyaacha maelezo hapo hapo nayo.

Akaenda mpaka alipokuwa shemeji, akasimama karibu naye kuliko watu wanavyosimama mbele ya darasa. Aliona shati limelowa kwapani. Mwenyekiti aliuliza kuna nini, akasema kama kuna jambo la kuongeza Fundi aliseme kwa sauti, huko nyuma hawasikii. Fundi hakugeuka. Alimshika shemeji yake mkono, juu kidogo ya kiwiko, akasema kwa sauti ya kwao, ile ambayo mtu akifa wengine wanapata habari wiki ya pili:

"Hukukosea, shemeji. Toni niliishusha mimi, ili wasinicheke."